Konokono Aliyejikunja Kushoto

Mimi nipo. Naanza na hilo kwa sababu asubuhi hii kuna watu wenye kalamu wanaosubiri kuliamua, na sipendi kuamuliwa na watu ambao hata chai hawajanywa.

Nipo, nimekaa juu ya kiti changu katika Nyumba ya Vioo, katika nchi isiyo na jina, maana jina lingetufanya tudhani kuna nchi nyingine. Sisi tunasema Hapa. Katikati ya Hapa kuna Kitovu. Kitovu ni mtu, au kiti, au chumba chenye mtu juu ya kiti. Sijapata kumwona aliyeingia akatoka na jibu. Tunachofundishwa tangu tukiwa tunakojoa kitandani ni kwamba vyote vinakizunguka, mvua na mwewe na mawazo yetu, na vinakizunguka kwa upande wa kulia. Mwaka ni wa Kwanza. Ulikuwa wa Kwanza nilipoanza kazi, ulikuwa wa Kwanza nilipong'oa unywele wangu mweupe wa mwanzo, na tangu siku ile ninayotaka kuisimulia, Mwaka wa Kwanza umeshadumu miaka kumi na saba. Nahesabu kimoyomoyo. Kuhesabu miaka kwa sauti ni ufidhuli.

Swali langu ni moja, nami nimelibeba kama mtu aliyebeba kaa la moto kwenye kiganja, akihamisha mkono huu na huu. Kitu huwa kipo tangu lini? Tangu kilipoanza kuwa, au tangu kilipoonwa? Na akitokea mtu akasema hakionwi, je, kinarudi kule kilikotoka?

Sheria ya Hapa ina jibu lake, tena limechongwa juu ya mlango wetu. Kitu hakipo mpaka kionwe na macho mawili, na macho hayo yasiwe ya kichwa kimoja.

Nacheka nikiisoma, kwa kuwa sheria hiyo waliiba kwetu. Ilikuwa desturi ya wasomaji wa vioo kabla haijawa kitanzi cha nchi nzima. Vioo vinashuka kutoka mlimani, ambako hatujawahi kupanda, ndani ya masanduku yaliyotandikwa pamba. Kila kioo ni kipande cha usiku kilichokamatwa, ila kimegeuzwa: mbingu ni nyeupe na nyota ni nyeusi, mithili ya pilipili manga iliyomwagika juu ya unga. Upande mmoja ni kioo kitupu. Upande wa pili una utando mwembamba ulioshika nyota, nasi tunauita ngozi. Kazi yetu ni ya mchana, maana macho yetu yanataka jua ili yaone usiku. Wasomaji wawili hukaa mgongo kwa mgongo mbele ya madirisha mawili. Wa kwanza anasoma, anachora alichokiona, haneni kitu. Anampitishia mwenzake kioo juu ya bega. Wa pili naye anasoma na kuchora. Kisha wanageukiana. Michoro ikifanana wanasema kwa pamoja, Tumeona, na kitu kile kinaandikwa kwenye Orodha, kitabu chenye vyote vilivyoonwa, watu wakiwemo. Isipofanana wanacheka, wanakunywa maji, wanasoma tena kesho. Na amri kubwa kuliko zote, ile anayofundishwa msomaji siku ya kwanza kabla hata hajaonyeshwa choo kiliko, ni hii: ngozi itazame juu. Ukilaza kioo ngozi chini, kila kitu utakachokiona kitakuwa kimegeuka, kulia kumekuwa kushoto na kushoto kulia, na hutajua, kwa sababu nyota hazina maandishi.

*

Sasa nimtaje yeye.

Yuko kwenye pembe ya kioo kimoja, mdogo kama punje ya mtama. Jicho tupu linamdhania doa. Uweke lenzi juu yake, ushushe pumzi, usubiri, na taratibu anajitokeza: kiini kizito katikati, na mikono miwili mirefu inayotoka humo na kujikunja kukizunguka, mmoja umepasuka mwishoni ukawa vidole viwili. Ni galaksi. Ni mji wa nyota zisizohesabika, nasi wasomaji, kwa kuwa tulikuwa watu wa jikoni na wa bustani kabla ya kuwa watu wa mbingu, tulimwita Konokono.

Ninayajua mambo yake kuliko ninavyoyajua ya ndugu zangu. Upana wake ni miaka ya mwanga laki moja na thelathini elfu, maana yake mwale ukitoka ukingo wake mmoja leo, hata ungekimbia bila kupumzika, ungefika ukingo wa pili wakati wajukuu wa wajukuu zetu wameshasahauliwa na wajukuu wao. Ameinama kidogo kuelekea kwetu, kama sinia lililoegemezwa ukutani likauke. Kiini chake kina rangi ya njano, ndiko waliko wazee, nyota kongwe zilizokwisha kugombana. Mikono yake ni ya buluu, ndiko kuna vumbi na gesi na nyota zinazozaliwa. Mwanga wake unatufikia umevutika ukaelekea kwenye wekundu, na kutokana na wekundu huo tumejua kwamba anatukimbia, kilomita elfu nne na mia tatu kila sekunde, wala hana ugomvi na sisi. Umbali wake ni miaka ya mwanga milioni mia mbili. Na kuzunguka mara moja tu, duru moja kamili, kunamchukua miaka milioni mia mbili na hamsini.

Zitie namba hizo mbili kwenye kiganja kimoja. Tangu mwanga huu ninaousoma uanze safari, Konokono hajamaliza hata duru moja. Huku kwetu, wakati huohuo, zimekuja na kuondoka bahari nzima, na juu ya matope yaliyobaki akasimama mtu akapiga kifua akasema, mimi ndimi katikati.

*

Siku ile ilikuwa ya unyevunyevu, vioo vilikuwa vinatoka jasho. Mgongoni kwangu aliketi Kazija.

Kazija alikuwa jicho langu la pili, nami nilikuwa lake. Mwanamke mfupi, mwenye sauti kavu, mcheshi wa maneno machache, anayetafuna karafuu moja tangu asubuhi hadi jioni. Alianza yeye kusoma. Alichora, akanipitishia kioo juu ya bega. Nilikipokea kimejaa ukungu. Nikakipangusa kwa upindo wa kanga, upande mtupu, kama inavyotakiwa, nikakilaza mezani palepale kilivyokuwa mkononi, upande nilioupangusa ukiwa juu. Ngozi ikawa chini. Hilo ndilo kosa langu lote. Halina ukubwa. Mwanafunzi wa siku ya pili angelicheka.

Nikasoma. Nikachora Konokono amejikunja kulia.

Tukageukiana. Wake alikuwa amejikunja kushoto. Kazija akasema, "Mmoja wetu kalala na viatu," tukacheka wote wawili, tukakubaliana kusoma tena kesho. Lakini siku hiyo palikuwa na mjumbe wa Kitovu anayetembelea kazi za Hapa, na alipita nyuma yetu wakati tunacheka. Aliuona mchoro wangu. Alisimama. Akauinua kwa vidole viwili kama anayeinua kifaranga, akauliza, "Hiki ni nini, kinachozunguka kwa kulia, mbali namna hii?" Kabla sijameza mate alikuwa ameshaukunja na kuutia kifuani. Mbingu nazo, alisema, zinakizunguka Kitovu kwa mkono wa kulia. Akaondoka na wapambe wake.

Hapo ndipo nilipokiinua kioo kukirudisha sandukuni, na kidole gumba changu kikanata. Kilinata chini, mahali ambapo pangepaswa kuwa na kioo kikavu. Nikakigeuza. Kwenye ngozi, ukingoni, palikuwa na alama ya gumba langu, mistari yake yote, nayo pia imejikunja kama konokono. Kila mmoja wetu anatembea na galaksi kumi mikononi, na ile moja ilikuwa imenishitaki.

Kutoka kwenye meza yangu hadi lango la nje ni hatua arobaini. Mjumbe alikuwa bado anatafuta kiatu chake mlangoni. Sikupiga hatua hata moja. Nimejaribu kwa miaka kumi na saba kutafuta neno la heshima la kuuita ule ukimya, nikakosa. Niliogopa, na woga wenyewe ulikuwa na utamu ndani yake, kwa sababu mchoro wangu ulikuwa umependwa.

Baada ya mwezi mmoja Konokono alikuwa kwenye bendera. Akawa kwenye vifungo vya makoti ya askari, kwenye mabakuli, kwenye vipaji vya nyuso za watoto siku ya tohara. Wakambadilisha jina, wakamwita Gurudumu la Kitovu. Wakamwita Kazija auchore upya mchoro wake, ufanane na wangu. Akasema, "Nitachora nilichokiona. Mkitaka kingine, mkono wenu upo." Basi karani wetu, Bwana Mcha, akafungua Orodha, akachukua wembe, akalikwangua jina lake taratibu hadi karatasi ikabaki nyembamba, mahali pale ukiinua ukurasa unaona mwanga upande wa pili.

*

Aliyekwanguliwa hapigwi wala hafungwi. Haitikiwi tu. Akisema shikamoo, hakuna marahaba. Akibisha hodi, hakuna karibu. Watu hawampishi njiani, ingawa nimeshangaa siku zote kwamba hawamgongi pia.

Kesho yake asubuhi tulikuwa wasomaji kumi na mmoja ndani ya chumba. Mlangoni tukasikia, "Hodi."

Kumi na mmoja tukainamisha vichwa.

"Hodi tena."

Niliutazama ukucha wangu. Aliingia, kwa kuwa mlango hauhitaji idhini ya mtu, akaketi kwenye kigoda chake nyuma yangu, mgongo kwa mgongo. Na hivyo ndivyo alivyofanya kesho kutwa yake, na mtondo, na kila siku ya huu Mwaka wa Kwanza usioisha. Ofisi ilinipa jicho jingine la pili: muhuri wa mpira uliochongwa jicho, na kidau cha wino. Nikishasoma, nagonga. Pa. Tumeona.

Kazija hakukoma kusoma. Nilipoweka kioo mbele yangu, alinyoosha shingo akatazama juu ya bega langu, akazungumza na dirisha.

"Pale umeona nyota moja. Ziko mbili, zimeshikana."

Nilitazama tena. Zilikuwa mbili. Nikaandika mbili, nikagonga muhuri.

"Hilo wingu si wingu, ni vumbi la sanduku. Pangusa."

Nikapangusa.

"Leo ni siku aliyofia mama yangu. Najua hunijibu. Nasema tu ili siku yenyewe ijue."

Wanasema mimi ndiye msomaji bora kuliko wote wa Hapa. Wamenipa kiti chenye mto. Sifa hiyo niliichuma kinywani mwa mwanamke ambaye sikuwahi kumwambia hata pole. Naona haya. Nimelizungusha neno hilo kwa miaka mingi nikilitafutia nguo nzuri, sasa nalitoa uchi: naona haya.

Kuna nyakati nilichanganyikiwa ni nani kati yetu aliyekwanguliwa. Yeye aliongea, mimi sikuongea. Yeye alisema alichokiona, mimi niligonga mpira. Siku moja nikijitazama kwenye kioo kitupu, mbele ya dirisha, niliona mtu mwenye mvi na mto wa kiti, na nyuma ya bega lake uso mwingine ulio hai zaidi. Nikajiuliza, ukinikwangua mimi, karatasi itakuwa nyembamba zaidi ya hivi nilivyo?

*

Juzi alikuja Bwana Faki.

Bwana Faki ni Mkaguzi wa Orodha, na cheo chake kingine ni Jicho la Kitovu. Anachokiona yeye kimeonwa na Kitovu, na anachokisema mbele ya watu karani hukiandika neno kwa neno, hata akikohoa. Ni kijana wa makamo, nadhifu, mwenye adabu inayonitia baridi.

"Shikamoo, Bi Mize."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Kesho kutwa ni Siku ya Gurudumu. Tumeonelea safari hii uje wewe mwenyewe, uliyeliona mwanzo, uthibitishe mbele ya watu kwamba limejikunja kulia. Ukimaliza, kioo kitavunjwa."

"Kwa nini kivunjwe, kama kinasema mnayoyasema?"

"Kimezeeka."

"Hata mimi nimezeeka, Bwana Mkaguzi."

Alitabasamu. Akavuta kiti, akaketi, akashusha sauti. Kumeshuka vioo vipya, alisema, na wasomaji wapya wananong'ona. Wanasema kushoto. Watu wakianza kunong'ona habari za kulia na kushoto, kesho watanong'ona habari za katikati.

"Nawe ni mjuzi," akaendelea. "Hebu nieleweshe. Mtu akisimama nyuma ya Gurudumu, huko ng'ambo yake, akalitazama, ataliona limejikunja upande gani?"

Nilijua anakonipeleka, na njia ilikuwa ya haki. "Kinyume na tunavyoliona sisi."

"Basi kulia na kushoto si mali yake. Ni mali ya anayetazama. Na mtazamaji wa Hapa ni Kitovu. Sasa uongo uko wapi, mama yangu?"

Niseme kweli, nilikaa na hoja ile siku nzima, na ilikuwa hoja nzuri, imenyooka, haina mfupa wa kukwama kooni. Ndiyo maana niliichukia.

"Unajua wanavyoishi waliokwanguliwa," akasema, akiinuka.

Nyuma yangu Kazija alikuwa anafuta lenzi yake. Kigoda chake kilikuwa njiani, katikati kabisa ya njia ya Bwana Faki kuelekea mlangoni. Nami nilimtazama Mkaguzi akienda, macho yake yako juu, kwenye maandishi ya ukutani, lakini mguu wake ulipofika kwenye kigoda ulipinda, ukakizunguka, ukarudi njiani. Mguu ulikuwa umeona.

"Viatu vipya," Kazija akaliambia dirisha. "Vinambana kisigino."

*

Na sasa ni leo. Wameshakunywa chai.

Ukumbi umejaa. Wamesogeza meza yangu chini ya dirisha kubwa, wameitandika bendera, na juu ya bendera wameweka kioo. Kando yake iko nyundo ndogo yenye utepe, maana Hapa hata kuvunja kunavishwa nguo. Bwana Mcha yuko na Orodha yake na kalamu ya kuchovya, mzee sasa, mkono unatetemeka. Bwana Faki amesimama upande wangu wa kulia. Watu ni wengi kiasi kwamba siwezi kuwaona kama watu, naona vifungo, na kwenye kila kifungo Konokono wangu anazunguka asikozunguka.

Wamekilaza kioo ngozi chini. Nimeligundua hilo kabla sijaketi. Kuna mtu aliyewafundisha, au labda walijua siku zote.

"Bi Mize," anasema Bwana Faki, "tuambie ulichokiona."

Nakishika kioo kwa kingo, kama tulivyofundishwa. Nakigeuza. Ngozi inatazama juu, na pale ukingoni gumba langu la ujana linanitazama. Naweka lenzi. Nashusha pumzi. Anajitokeza, kiini kwanza, kisha mikono, hana haraka, hajamaliza hata duru.

"Amejikunja kushoto," nasema. "Aliyemchora kulia ni mimi, na nilikosea. Nililaza kioo kifudifudi. Alama ya kidole changu iko hapa kwenye ngozi, aje anayetaka alinganishe."

Mbao za sakafu zinalalamika chini ya miguu ya watu.

"Bi Mize amechoka," Bwana Faki anasema kwa upole.

"Nimechoka kweli. Andika hilo pia, Bwana Mcha."

"Tulizungumza juzi. Aliye ng'ambo ya Gurudumu—"

"Aliye ng'ambo na aseme ya ng'ambo. Akija hapa na mchoro wake nitamkaribisha, nitampikia. Lakini mimi nimesimama huku, Bwana Faki, na wewe umesimama huku, na Kitovu chako kama kina miguu kimesimama huku. Tulio huku tunamwona amejikunja kushoto. Anatukimbia kilomita elfu nne na mia tatu kila sekunde na bado hatujaweza kumwacha ajikunje anavyotaka. Miaka milioni mia mbili mwanga wake umesafiri, haukusimama popote kuomba ruhusa, ukafika kwenye meza hii, na mimi nikaupokea kwa mgongo wa kioo. Sitaupokea hivyo mara ya pili. Mnikwangue. Nimewahi kuwa mtu asiyekuwepo kwa miaka kumi na saba, nikiwa na mto wa kiti, na nakwambia mto haupunguzi kitu."

Sauti yangu haitetemeki, sijui imetoka kwa nani.

Bwana Faki anageukia watu. Hajakasirika, amepata anachokitaka. "Mmesikia. Sheria ni sheria. Jicho moja si jicho. Bi Mize ameona peke yake." Ananigeukia. "Nani jicho lako la pili?"

Na mlangoni, kama kila asubuhi, kwa sauti ileile kavu:

"Hodi."

Vichwa vyote vinainama. Naviona vikiinama, safu kwa safu. Nina neno moja mdomoni, dogo, ambalo mtoto wa miaka miwili analijua, na limenilemea ulimi kuliko kilomita zote nilizozitaja. Nimedaiwa neno hilo kila siku. Nafungua mdomo.

"Karibu, Kazija," nasema. "Karibu ndani, mwenzangu. Pita."

Hatua zake nazisikia. Watu wanampisha, huku wakitazama sakafu. Anafika mezani, ananukia karafuu. Hanitazami. Anainama kwenye lenzi, anakaa hapo kwa muda ambao msomaji mzuri hukaa, wala hapunguzi hata pumzi moja kwa ajili ya watu wakubwa.

"Kushoto," anasema. "Mkono mmoja umepasuka vidole viwili. Na gumba la Mize hilo hapo, chafu."

"Tumeona," nasema mimi.

"Tumeona," anasema yeye.

Bwana Faki anaueleza ukumbi, taratibu, kama anayewabembeleza wagonjwa. "Hapa mezani kuna mtu mmoja. Bi Mize. Hakuna mwingine. Mnayemdhania hayumo kwenye Orodha, na asiyekuwemo hajaonwa."

Kazija anakichukua kioo. Anakiinua kwa kingo mbele ya dirisha, juu, ngozi ikiwaelekea watu, jua linapita ndani yake, na usiku wote mweupe unawaangukia watu usoni na madoa yake meusi. Safu ya mbele wanainua macho. Mwanamke mmoja anakitazama kifungo chake, anatazama kioo, anatazama tena kifungo.

Bwana Faki ananyoosha mkono kuelekea nyundo, halafu anauacha, anamgeukia Kazija, na kwa mara ya kwanza adabu inamponyoka.

"Weka chini hicho kioo, wewe mwanamke!"

Kazija anakiweka. Polepole, ngozi juu.

"Nimeweka," anasema.

Hapo sauti ya tatu inasikika, nayo ni ya Bwana Mcha, ambaye kwa miaka yote sijawahi kumsikia akisema neno ambalo hakuambiwa aliandike. Kalamu yake iko hewani. Tone la wino linaning'inia.

"Niwie radhi, Bwana Mkaguzi. Neno lako lazima niliandike, na Jicho la Kitovu likisema na mtu, mtu huyo ameonwa. Niandike umemwambia nani?"

Bwana Faki anatazama sakafu, kama sisi kumi na mmoja siku ile, na namwonea huruma kidogo, kwa sababu naujua ukucha anaoutazama.

"Aandike Kazija binti Shomvi," anasema Kazija, akivuta kigoda. "Hana haja ya kuuliza linavyoandikwa. Ndiye aliyelikwangua."

Anaketi nyuma yangu. Nasikia mgongo wake ukiegemea wangu, wa moto, mzito, umekonda kidogo tofauti na zamani. Bwana Mcha anageuza kurasa kurudi nyuma, hadi pale karatasi ilipo nyembamba, anailainisha kwa kiganja, na kuanza kuandika polepole, asije akaitoboa.